Mesa, Arizona: watu laki tano na bado mji umepoa. Je, kuishi huku kunaboa kweli?

Mkaa Jangwani (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu ndani kila siku kuna nyuzi za New York, za Dallas, za Minneapolis. Mesa hakuna anayeiulizia mpaka siku apate kazi huku au shemeji yake ahamie, halafu swali linakuja lilelile: "Eti huko kunaboa?" Nimejibu faragha mpaka vidole vimeota sugu, leo nimeona bora nimwage kila kitu hapa, wa kusoma asome.

Mimi niko mwaka wa sita huku. Mwaka wa kwanza niliishi bila gari. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Tuanze na ukubwa, maana hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 504,258 Mesa. Atlanta mwaka huohuo ilikuwa na 498,715. Miami 442,241. Minneapolis 429,954. Sasa mtajie mtu Miami, ataona bahari na maghorofa. Mtajie Mesa, atakuuliza ni kata ya wapi. Mji umeipita Miami kwa watu elfu sitini na haujulikani! Sababu ni kwamba umekua ukiwa ubavuni mwa Phoenix, mji mkuu wa Arizona. Watu walifuata nyumba, hawakufuata mji. Mwaka 2001 mtafiti mmoja wa mambo ya miji, Robert Lang, yeye na mwenzake waliandika kuhusu miji ya namna hii: imepita watu laki moja, siyo mji mkubwa kuliko yote katika eneo lake, na kila muongo inaongezeka kwa asilimia kumi na kuendelea. Katika yote waliyoihesabu Marekani nzima, Mesa ndiyo iliyoongoza kwa ukubwa.

Ukiutazama kwenye ramani unaona daftari la hesabu la darasa la pili. Barabara kubwa kila baada ya maili moja, za kwenda na za kukatiza, zimenyooka kama rula. Ndani ya kila kiboksi kuna nyumba za chini na kuta za matofali nyuma yake. Kwenye kona za viboksi kuna kituo cha mafuta, duka la dawa, sehemu ya kuoshea magari. Chukua barabara ya Southern kutoka Dobson uende mashariki mpaka Power: utapita kona ileile zaidi ya mara kumi. Mara ya kwanza nilidhani dereva amepotea anazunguka.

Sasa kisa chenyewe. Wiki yangu ya kwanza, mwezi wa sita, mkate uliisha nyumbani. Simu ikaniambia duka liko kilomita moja na ushee. Nikajisemea, kilomita moja kitu gani? Nikatoka saa kumi jioni na ndala zangu.

Kwanza kutoka tu mtaani ni kazi. Nyumba zimegeukia ndani, barabara ya mtaa inajipinda kama mkia wa paka, na duka liko ng'ambo ya ukuta ambao hauna mlango. Nikazunguka. Nikafika barabara kuu, njia tatu huku, tatu kule, na ya kukatia kona katikati. Nikabonyeza kitufe cha kuvukia nikasubiri. Kivuli pekee kilichokuwepo ni cha nguzo ya taa, upana wake kama mkono wangu. Nikasimama upande upande ili angalau uso uingie kivulini. Mbele mpaka upeo wa macho hakuna binadamu anayetembea, ni mimi peke yangu na ndala zinazonata kwenye lami.

Gari likapunguza mwendo. Mzee wa Kizungu akashusha kioo, akaniuliza kwa huruma kabisa gari langu limeharibikia wapi.

Nikamwambia sina gari, naenda dukani. Alinitazama kama nimemwambia nimetoka Phoenix kwa magoti. Akanipakia, akanipeleka, akanisubiri, akanirudisha. Mtu mwema sana yule. Lakini usiku nilikaa nikawaza: katika mji wa watu laki tano, mtu kutembea kwa miguu ni dharura.

Msimamo wangu ni huu. Mesa vitu vipo tele. Ila hakuna hata kimoja utakachokutana nacho njiani ukiwa unaelekea kwingine. Miji mingine unatoka kutafuta chumvi unarudi umeona ugomvi, umesikia ngoma, umesalimiana na watu wanne. Huku ukitoka kutafuta chumvi, unarudi na chumvi.

Hoja nimeitua. Karibuni, na matusi tuyaache nje.

Kipepeo wa Chicago

Uzi mrefu hivi hata picha moja ya ndala hakuna?

Mimi nilikuja huko mara mbili kumtembelea dada yangu. Mkuu umejitahidi kuwa muungwana, ngoja mimi niseme: mji umelala usingizi wa pono. Jumamosi saa tatu usiku tumekaa sebuleni tunasikiliza kiyoyozi kinavyopumua. Namuuliza dada, watu wako wapi? Ananijibu, "Wako kwao." Watu nusu milioni wako kwao!

Chicago mimi nikishuka kwenye treni tu nishapata stori ya wiki.

Mama Mapacha

Kipepeo, hujambo mdogo wangu. Ulikaa siku ngapi? Wiki? Ndiyo shida ya mgeni, anataka mji umchezee ngoma.

Nina watoto watatu, wawili ni mapacha. Nilitoka kwenye jengo la ghorofa la mji mkubwa (sitautaja), lifti imekufa, nimembeba mmoja mgongoni, mwingine kiunoni, na mifuko mkononi, ngazi nne kwenda juu. Huku nafungua mlango wa gereji, naingiza gari, nawashusha kama wafalme. Nyuma ya nyumba kuna ukuta, watoto wanacheza nje nawaona kwenye dirisha la jikoni. Mnaita kuboa? Mimi naita kupumua.

Halafu mleta mada umesema vitu hukutani navyo njiani. Kweli. Lakini mwenye watoto hata angekutana navyo hana muda wa kusimama.

Kinachonikera mimi ni kingine kabisa: chama cha wenye nyumba cha mtaa wangu. Pipa la taka likilala nje siku moja zaidi, barua. Majani yakichipua kwenye changarawe mbele ya nyumba, barua na picha yake. Nimeshapigiwa picha ya jani moja, wapendwa. Moja! Mtu alishuka kwenye gari, akainama kwenye joto lile, akalipiga picha. Nikasema huyu ndiye mtu anayeboreka kuliko wote Mesa.

Zamu ya Usiku

😂😂 Mama Mapacha umeniua na hilo jani.

Naona wote mnaongelea Mesa moja wakati ziko mbili. Kuna Mesa ya viboksi, hiyo mnayoisema. Na kuna Mesa ya reli. Treni ya umeme ilianza Desemba 2008 ikaishia Sycamore, mlangoni tu mwa mji upande wa magharibi. Mwaka 2015 wakaivuta mpaka katikati, kituo cha Mesa Drive. Mwaka 2019 ikafika Gilbert Road. Ikaishia hapo. Mashariki ya hapo bado kuna Mesa kubwa tu ambayo treni inaisikia kwa jirani.

Mimi naishi hatua chache kutoka barabara ya Main, sina gari mwaka wa tatu, na sijafa. Natoka kazini asubuhi natembea. Pale katikati mitaa yake ni mipana ajabu, futi 130, tangu Wamormoni, watu wa dhehebu moja la hapahapa Marekani, walipoanzisha mji mwaka 1878. Wazee wanasema ni ili mkokoteni wa ng'ombe ugeuke bila kurudi nyuma. Leo huo upana umewekwa miti, maduka, viti. Kituo cha sanaa kilichofunguliwa 2005 kiko palepale, kuna siku napita nimevaa nguo za kazi nakuta watu wametoka kwenye onyesho wamevaa suti. Na ukirudi nyuma mpaka Sycamore, unatembea kidogo unaingia Mekong Plaza kule Dobson, soko la Waasia. Humo ndani samaki anatazama anayemnunua, wazee wamekaa kwenye meza wanabishana kwa lugha nisiyoijua, na kelele unazijua tu kwamba ni za nyumbani kwa mtu.

Kwa hiyo swali la "Mesa inaboa?" mimi najibu kwa swali: kiboksi kipi?

Mkaa Jangwani (mleta mada)

Mkuu Zamu, hilo nalipokea kwa mikono miwili. Ningepangiwa chumba karibu na Main mwaka ule wa kwanza, huu uzi ungekuwa na kichwa kingine. Lakini kubali na wewe: hiyo Mesa yako ya reli ni ukanda mwembamba. Mji mzima una kilomita za mraba zaidi ya 350. Wengi hatuishi hapo, na wengi wanaohamia hawapangiwi hapo.

Kipepeo, picha ya ndala haipo, zilibaki kwenye lami.

Dogo wa Dobson

Shikamooni wakubwa.

Samahani naingilia. Nina miaka 16, baba yangu yumo humu, naomba msimwambie nimetumia simu saa hizi.

Nyie wote mnaongea kama watu wenye leseni. Kwetu sisi ni hivi: nikitaka kumwona rafiki yangu anayekaa viboksi vitatu kutoka kwetu, lazima mama amalize kazi, akubali, na mama wa rafiki naye akubali nirudishwe. Tunapanga mkutano wa saa mbili kama tunapanga harusi. Baiskeli ipo lakini barabara kuu magari yanapita kasi, mama anasema hapana.

Wakubwa wanasema zamani vijana walikuwa wanakutana Fiesta Mall. Mimi sikuijua. Ilifungwa 2018 na mwaka 2023 wakaanza kuibomoa. Baba anasema palikuwa na watu mpaka huoni sakafu. Mimi nimekulia naiona ni jengo kubwa limefungwa lenye maegesho matupu, na taa.

Kitu kinachonichekesha: magari yasiyo na dereva yanapita mtaani kwetu, usukani unajizungusha wenyewe. Mji una gari lisilohitaji dereva, na mimi nahitaji mama.

Mama Mapacha

Marahaba mwanangu. Kalale.

(Lakini amesema kweli. Wangu wana miaka sita. Nimeisoma post yake mara mbili.)

Kipepeo wa Chicago

Hiyo ya "mimi nahitaji mama" nimeshindwa kucheka. Uzi ufungwe, dogo ameshinda.

Ndege Mpweke

Uzi usifungwe, mimi nina la kupinga.

Nimeishi maeneo manne Marekani. Mnausingizia mji. Kipepeo anasema Chicago anapata stori kwenye treni. Sawa, stori. Je, jirani yako wa mlango wa pili anaitwa nani? Mimi niliishi jengo la ghorofa ishirini, katikati ya kelele zote hizo, nikaugua siku nne, aliyejua ni mtu wa kuleta vifurushi. Mesa yule mzee alisimamisha gari kwa mtu asiyemjua. Hebu linganisheni.

Kuboreka ni mtu. Mtu wa kukaa ndani atakaa ndani hata umjengee sherehe mlangoni.

Mkaa Jangwani (mleta mada)

Ndege, hapo kwa mzee umenibana, ni kweli kabisa. Na wala simsahau.

Ila hilo la "kuboreka ni mtu" nalikataa nusu. Muulize Dogo hapo juu. Yeye siyo mtu wa kukaa ndani, amekalishwa. Mtu mvivu na mtu aliyezibwa njia wakikaa sebuleni wanafanana kwa macho tu.

Na kuna kitu hakuna aliyekigusa, nikashangaa, maana ndicho kinachoamua yote huku: jua. Mwaka 2023 hapa bonde la Phoenix joto lilifika nyuzi 110 za Farenhaiti au zaidi siku 31 mfululizo. Kwa Selsiasi ni 43 na pointi. Mwaka 2024 zikaja siku 113 mfululizo ambazo kila moja ilifika 100. Kipindi hicho hata ungehamisha mtaa wenye shamrashamra kuliko yote duniani ukauweka Mesa, watu wangekuwa ndani wamefunga mapazia. Unashika mkanda wa gari unakuunguza. Mlango wa chuma unaufungua kwa shati. Kwa hiyo Kipepeo, ulikuja mwezi gani?

Kipepeo wa Chicago

...Mwezi wa saba. Mara zote mbili. Tiketi zilikuwa rahisi.

Mkaa Jangwani (mleta mada)

Haya, mwenyewe umesema 😂

Tiketi zina sababu yake. Njoo mwezi wa pili. Wazee wa Kanada na wa majimbo ya baridi wanamiminika kama ndege, wanajaza viwanja vya nyumba za magurudumu upande wa mashariki. Mwezi wa pili na wa tatu timu yako ya besiboli, Cubs, wanajifua hapahapa Mesa, uwanja wao ulifunguliwa 2014, wanakaa watu kama elfu kumi na tano, na nusu yao wamevaa jezi za mji wako. Ungekuta ndugu zako wote huku. Milima ya Superstition unaiona rangi ya kutu asubuhi, na mchana unaweza kuipanda bila kufa. Kule Mto Salt kuna farasi wa mwituni, wanaingia mtoni mpaka kifuani wanakula majani ya chini ya maji, kichwa kinazama kizimakizima halafu kinatoka kinatiririka. Mara ya kwanza kuwaona nilikaa saa mbili sijagusa simu.

Lakini angalieni: yote hayo niliyoyataja, nimeyaendea kwa gari, kwa kupanga. Hoja yangu iko palepale.

Isipokuwa moja. Mwaka wa pili, jirani mmoja aliniambia nyuma ya mtaa wetu kuna njia ya mfereji. Nilikuwa nimepita jirani yake mwaka mzima sijaijua, imefichwa na ukuta. Ni mfereji mkubwa wa maji na njia ya kutembea pembeni, inakata viboksi vyote bila kujali. Watu wa kale wa hapa, Hohokam, walichimba mifereji ya umwagiliaji bonde hili lote mamia ya miaka kabla ya gari kuzaliwa, na Wamormoni walipofika waliifukua baadhi wakaanza kuitumia tena. Ipo bustani ya mji ambayo mitaro hiyo ya kale bado inaonekana.

Nikaanza kwenda saa kumi na moja alfajiri. Kumbe watu wote niliokuwa nawatafuta wako kule! Mama wa Kimeksiko na binti zake watatu wanatembea kwa mstari. Mzee wa Iowa na mbwa asiye na haraka. Kijana anavua samaki kwenye mfereji na anawarudisha. Wiki ya kwanza ni kupungiana mkono. Wiki ya tatu majina. Mwezi wa pili nimekosa siku mbili, ya tatu nimetokea, yule mzee wa Iowa ananiuliza kama nilikuwa naumwa.

Saa moja asubuhi jua likishapanda juu ya kuta, hakuna mtu tena. Ukipita utaapa kwamba hapajawahi kupita binadamu.

Ndege Mpweke

Mkuu, hapo umehamia upande wangu bila kujua. Mji ulikuwepo, wewe ndiye hukuwa umeamka.

Mkaa Jangwani (mleta mada)

Na ukuta, mkuu. Usiusahau ukuta.

Zamu ya Usiku

Hiyo njia ya mfereji naipita nikitoka kazini siku nikiamua kutembea. Yule anayevua samaki na kofia ya bluu?

Mkaa Jangwani (mleta mada)

Huyohuyo! Na wewe ni yule wa nguo za hospitali na begi jekundu, unatembea umesinzia?

Zamu ya Usiku

Mungu wangu. Nimekusalimia "good morning" mwaka mzima.

Mama Mapacha

Jamani 😂😂😂 Na mnaongea Kiswahili wote wawili!

Mgeni Njiani

Wakuu samahani, nimechelewa kuuona uzi. Binamu yangu wa kike ana miaka 23, amepata nafasi ya kazi Mesa, hana gari, hana leseni. Nimesoma yote nimechanganyikiwa. Nimwambie aje au asije?

Mama Mapacha

Aje. Asikodi chumba kwa picha za mtandaoni, huko wanapiga bwawa la kuogelea tu hawapigi barabara. Aulize kazi iko wapi kwanza.

Zamu ya Usiku

Akae karibu na Main, kati ya Sycamore na Gilbert Road, asidanganywe na chumba kikubwa cha mashariki. Nauli ni dola 2 kwa safari. Leseni aanze kuisomea siku ya pili, ya kwanza alale.

Kipepeo wa Chicago

Na asije mwezi wa saba. Sikilizeni mtu mwenye uzoefu.

Mgeni Njiani

Tiketi ni tarehe 9 Julai.

Mkaa Jangwani (mleta mada)

Pole yake. Basi mwambie abebe viatu vya kufunga, ndala aziache. Akifika nitumie namba ya mtaa faragha nimwonyeshe mlango wa mfereji uko wapi. Mzee wa Iowa huwa anarudi kwao kiangazi, ila huyu wa begi jekundu yupo.

Zamu ya Usiku

Nipo. Nitakuwa nimesinzia, anisalimie kwa sauti.